Daftari Safi la Raheli

Nyuma ya ghala la zamani la mkonge lililogeuzwa darasa, pale Same, palikuwa na korongo kavu, na ndani ya korongo hilo mchanga laini kama unga uliochekechwa. Kila asubuhi, kabla wenzake hawajafika darasani, Raheli aliteremka humo peke yake, akachutama, akaokota kijiti na kuanza kuvuruga. Alivuruga tu, bila kujua anachora nini. Mstari ulizunguka, ukajikata, ukarudi ulikotoka. Duara likaota masikio, masikio yakageuka vilima. Akiona kitu kinaanza kupumua alikifuata, na kisipopumua alikifuta kwa unyayo akaanza upya. Mwishowe, alipopata umbo alilolitaka, alilitazama mpaka likamkaa kichwani, akapanda ukingoni, akaenda kuketi kiti cha nyuma na kulichora kwenye daftari lake kwa mistari michache isiyo na doa. Mtu wa kwanza kuingia alimkuta ametulia, mikono mapajani, kama mgeni aliyepita kuuliza njia.

Habari za korongo hakuna aliyezijua. Hakuwa amezificha. Hakuna aliyemwuliza.

Raheli alitoka Suji, juu milimani, alikoishi na bibi yake ambaye masikio yalikuwa yamekwisha kuziba kabisa. Mama yake alikuwa amefariki. Kaka zake waliteremkia mashamba ya mkonge, wakaoa huko, na habari zao zilipanda mlima mara chache kuliko mvua. Nyumbani siku iliweza kupita bila neno hata moja, ila ishara za mikono tu: moto, chumvi, kuku ameingia ndani. Shule aliiacha darasa la tatu, mwaka mama alipolala kitandani, na asirudi tena. Wasichana aliosoma nao walikuwa sasa na watoto mgongoni.

Elimu ya Watu Wazima ilipotangaza kuwa inatafuta watu wenye mkono wa kuchora, katibu wa kijiji alikumbuka ukuta wa jiko la yule bibi, jinsi ulivyojaa ndege na mbuzi wa makaa. Alimwandikisha Raheli bila kumwuliza sana. "Kama kusema na watu kunamshinda," alisema, "basi akaseme na kuta."

Mwalimu wa darasa hilo aliitwa Paskali, mtu wa Ukerewe, mrefu, mwenye suruali iliyokoma mbali na viatu. Siku ya kwanza aligawa madaftari ya karatasi zisizo na mistari, aliyoyashona mwenyewe kwa uzi wa viatu.

"Hili si daftari la hesabu," alisema. "Kila asubuhi, kabla hamjachora kitu chochote cha maana, nataka mchafue ukurasa mzima. Vurugeni. Mkono utembee kama mlevi anayerudi kutoka kilabuni, mradi usisimame. Na msifute! Mtu akikaa akangoja wazo lishuke kutoka kichwani, atazeeka kitini. Lisumbueni hapo kwenye ncha ya penseli, litatoka lenyewe."

"Mwalimu," alisema Swalehe, fundi baiskeli wa pale mjini, "kuchafua? Mbona hiyo mama yangu anasema nilihitimu kabla sijaota meno!"

Darasa zima likacheka. Raheli hakucheka. Alikuwa amerudi Suji, kwenye dawati la darasa la pili, na daftari lililonunuliwa kwa mayai ya bibi. Tone moja la wino lilitosha kumpigisha mtu magoti. Mwalimu wa wakati ule alikuwa na kawaida ya kusema kwa sauti tamu, "Leo andikeni mnavyopenda," kisha akapita kati ya madawati, fimbo mgongoni, akitafuta waliosadiki. Kwa hiyo Raheli alimwelewa Mwalimu Paskali upesi sana. Ule ulikuwa mtego. Karatasi ni mali ya serikali, nani atamwambia mtu aichafue? Huyu anatupima, alijiambia. Mwisho ataangalia nani alijua kutunza.

Na kupimwa huko kulikuwa na uzito wake. Darasa likiisha, mwalimu angechagua watu wanne wa kuzunguka naye kiangazi chote katika vijiji vipya vya ujamaa huko tambarare, wakichora picha kwenye kuta za madarasa ya kisomo. Wangelala pamoja, wangetembea pamoja, wangepika chungu kimoja. Wengine wote wangerudi makwao. Swalehe aliwaza posho. Zaituni, binti wa mwenye duka karibu na stendi, aliwaza kutoka machoni pa baba yake. Raheli aliwaza kile chungu. Alijiona ameketi kati ya watu wanaosemezana, mtu akimwambia, "Hebu nipe mwiko," naye anampa.

Mjini alifikia kwa mama yake mdogo, Mama Asheri, aliyeuza chai na maandazi kituo cha reli. Mama Asheri alikuwa mwema, ila mwema wa mbio. Alirudi nyumbani amechoka, akala amefumba macho, akalala. Na Jumamosi, darasa lilipokwenda stesheni kuchora abiria, Raheli alikuwa kanisani, kwa sababu yeye na mama yake mdogo walikuwa Wasabato. Jumatatu na Jumanne zilipita wenzake wakivunjika mbavu juu ya mzee fulani na bata wake aliyekataa kupanda treni. Mtu alisema tu "bata!" na wote wakaanguka juu ya meza. Raheli alitabasamu pamoja nao, akijua hana haki ya tabasamu lile.

Kazi kubwa ya darasa ilikuwa picha moja ya kila mtu, yenye mada: kazi ya pamoja. Karibu kila mtu alianza na majembe yaliyoinuliwa juu na jua linalochomoza nyuma yake. Mwalimu alizitazama akapiga miayo. "Haya majembe nimeyaona kwenye kila kalenda. Rudini kwenye kuvuruga."

Raheli naye alirudi kwenye mchanga. Asubuhi ya kwanza kijiti kilizunguka na kuleta mawe. Asubuhi nyingine kikaleta mistari iliyopinda, mmoja nyuma ya mwingine, kama mbavu. Alizitazama zile mbavu kwa muda mrefu. Zilikuwa nini? Akaongeza duara dogo juu ya kila moja, na mara zikawa migongo. Migongo ya watu. Akakumbuka siku za msaragambo kule kwao, baragumu likilia alfajiri, kaya zote zikitoka kwenda kuzibua ndiva, lile bwawa la kunyweshea mashamba. Watu husimama mstari mmoja kutoka kwenye tope hadi ukingoni, na vikapu vya tope hupita mkono kwa mkono. Katika mstari ule humwoni mtu uso. Unaona kisogo cha aliye mbele yako tu. Kwenye vijia vya milimani pia ni hivyohivyo, mama na kuni zake mbele, wewe nyuma, mpaka unawajua watu wote wa kijiji kwa migongo yao. Mgongo wa mama yake ulikuwa umeegemea kushoto kidogo. Raheli aliuchora, akaufuta haraka, akauchora tena. Siku iliyofuata mstari wa watu ulijipinda wenyewe ukafuata ukingo wa bwawa, ukawa kama mkono unaoyakumbatia maji. Alifuta mchanga wote kwa nyayo zake mbili, akakimbia darasani, akaichora picha ile kwenye daftari, safi, kama iliyotoka dukani.

Jumatano mwalimu alipitia madaftari, darasa lote limezunguka meza yake.

La Swalehe lilikuwa balaa tupu. Mbuzi aliyevaa suruali, magurudumu yaliyoota miguu, doa la mafuta lililogeuzwa kuwa mwenyekiti. Lakini gurudumu lile, ukurasa baada ya ukurasa, lilifunguka polepole mpaka likawa watu walioshikana wakisukuma lori lililokwama. "Mnaona?" mwalimu alisema, akipigapiga karatasi kwa kidole. "Hapa alikuwa amepotea. Hapa amepotea zaidi. Na hapa, tazameni, amefika." La Zaituni lilijaa maua ya hina yaliyosokotana hadi yakawa wanawake wakisuka mkeka mmoja.

Kisha akafungua la Raheli. Akageuza ukurasa. Akageuza mwingine. Picha chache, nzuri, zimekaa katikati ya karatasi nyeupe. Akarudi mwanzo, akatazama tena, na uso wake ukabadilika.

"Raheli, hizi umezitoa wapi?"

Raheli alishika ukingo wa meza.

"Nauliza tu. Mstari huu unaokumbatia bwawa, mawazo yake yako wapi? Hatua zake ziko wapi? Mtoto hazaliwi amevaa viatu."

Mtu mmoja akacheka puani.

"Kama umenakili kwenye gazeti au kitabu cha misheni, sema. Si kosa la kufungwa. Ila kule vijijini hatutakuwa na kitabu."

Masikio ya Raheli yaliwaka moto. Neno moja lingetosha. Alilitafuta kila mahali ndani yake akakuta pakavu. Mwalimu alingoja, akapumua kwa nguvu, akaliweka daftari lile pembeni, mbali na mengine.

Walipotoka, Zaituni alimfuata mbio huku akifunga mtandio.

"We Raheli! Mbona umekaa kama gunia? Mimi ningemparura! Umenakili kweli?"

Raheli akatikisa kichwa.

"Basi ulichora wapi?"

"Chini," Raheli alisema kwa sauti ndogo.

"Chini wapi?"

Akamwonyesha kwa kidevu. Zaituni alichungulia korongoni. Mbuzi wa watu walikuwa wamepita, na mchanga ulikuwa nyayo na vinyesi tu.

"Hapa? Na ukafuta?" Zaituni alishika kiuno. "Haya, twende ukamwambie. Au nikusemee mimi?"

"Usimwambie, nakuomba. Nitamwambia mwenyewe."

"Lini?"

"Kesho."

Na kweli kesho yake aliwahi kuliko siku zote. Alivuruga korongo kutoka ukingo hadi ukingo, migongo, vikapu, mawe, mistari iliyokosea na iliyorudiwa, na kwa mara ya kwanza hakufuta. Aliacha kila kitu kilivyo, akaenda kusimama mlangoni kumsubiri mwalimu. Alikuwa amepanga maneno: Mwalimu, naomba uje uone kitu. Aliyarudia kimoyomoyo mpaka yakawa kama wimbo.

Mwalimu Paskali akatokea na mkoba wake kwapani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Raheli. Umeamkaje?"

"Salama."

Mwalimu akasimama. Huenda na yeye alikuwa akingoja. Upepo wa Same, ule unaoanza jua likikaza, uliwapulizia vumbi wote wawili. Raheli alitazama viatu vya mwalimu. Mwalimu akaitikia kwa kichwa, akaingia ndani.

Mchana, walipotoka kula, upepo ulikuwa umekwisha kusawazisha korongo lote.

Ijumaa majina yakasomwa. Swalehe. Zaituni. Mama mmoja mfinyanzi kutoka Gonja, na Nathanaeli, mwashi. Watu wakapiga makofi, wakapigana mabega. Swalehe alikwisha kuanza kuuliza nani atapika, maana yeye ugali wake hata mbwa huuzunguka kwanza. Walicheka. Na katikati ya kicheko kile, pengine kwa kuwa hakikuwa tena na nafasi ya kumwingiza, Raheli akasikia sauti yake mwenyewe, kubwa kuliko alivyotaka.

"Sikunakili."

Vichwa vikamgeukia.

"Unasemaje?" mwalimu aliuliza.

"Sikunakili. Nilichora chini. Halafu nikafuta."

Zaituni alikwisha kusimama. "Njooni, njooni muone! Haya inukeni!"

Wakatoka wote, viti vikikwaruza. Ukingoni mwa korongo Raheli alivua kandambili, akateremka, akachukua kijiti. Mistari ya kwanza ilikuwa mibaya kweli, ya kutikisika kama ya mtoto, na juu yake kulikuwa na macho yote yale.

"Hiyo ni ng'ombe au kiti?" Swalehe alisema.

"Nyamaza wewe!" alimkemea Zaituni.

"Nauliza tu!"

"Sijui bado," Raheli alisema bila kuinua uso. Akaendelea. Kile kisicho ng'ombe wala kiti kikawa jiwe, jiwe likapinda likawa mgongo, mgongo ukazaa mgongo mwingine. Alikosea akachora juu ya kosa. Baada ya muda hakusikia tena mtu akisema kitu. Alipoinuka, mstari wa watu ulikuwa umelizunguka bwawa la mchanga, si kama ule wa kwenye daftari. Huu ulikuwa mnene zaidi, na watu wake walikuwa wazito kwa tope.

"Mbona hakuna mwenye uso?" aliuliza Swalehe. Safari hii hakutania.

"Njiani kwetu humwoni mtu uso," Raheli alisema. "Unaona mgongo."

Mwalimu Paskali alichutama ukingoni. Suruali yake ilipanda mpaka magotini. Alifuata migongo kwa kidole, mmoja baada ya mwingine.

"Kwa nini hukufanya haya kwenye daftari?"

"Nilidhani unatupima."

"Nawapima nini?"

"Usafi."

Mtu akaanza kucheka, akakatisha. Mwalimu alijifuta uso kwa kiganja, kuanzia paji hadi kidevuni.

"Majina yamekwenda bomani tangu jana jioni," alisema. "Yamepigwa mhuri. Siwezi kuyarudisha." Kisha, polepole, "Nilipaswa kukuuliza mara ya pili. Jana pale mlangoni nilikaribia kukuuliza."

"Na mimi nilikaribia kusema," Raheli alijibu.

Watu walirudi ndani wawili wawili kukusanya vitu vyao. Alipopita, mwalimu alimpa daftari lake mkononi, na karatasi zake nyingi nyeupe.

Jumapili Raheli alipanda lori la chama cha ushirika lililokuwa linakwenda Makanya kisha Suji. Lilikuwa limekwisha kuwashwa Zaituni alipotokea mbio, jasho likimtoka. Alikuwa ameshika karatasi iliyochanwa kwenye daftari lake. Nusu ya ukurasa imevurugwa kwa penseli, mistari imesokotana kama uzi uliochezewa na paka. Nusu nyingine tupu.

"Chukua. Mimi nimevuruga nusu yangu, wewe vuruga yako unirudishie. Mpe huyu huyu Gideoni," alisema, akimwonyesha dereva, "kila akiteremka huja kunywa chai dukani kwetu. Baba ataniletea huko nitakakokuwa. Na usinisafishie! Nikiona ni safi nitaichana!"

Lori likaondoka.

Suji kulikuwa na ukungu. Bibi alimpokea kwa mikono miwili, akamshika mashavu, akaonyesha jiko: moto. Siku zikaanza kufuatana kama zamani, maharage, kuni, maji, jioni bila neno. Kiangazi kilipofika Raheli alijua kuwa huko chini wenzake wamekwisha kuanza kijiji cha kwanza. Jua likizama aliketi kizingitini akatazama tambarare, vumbi jekundu la mbali, na akajiuliza ni nani leo anapika. Karatasi ya Zaituni ilikaa ndani ya Biblia, haijaguswa. Mara kadhaa aliitoa, akainoa penseli kwa kisu, akairudisha. Mchangani mstari mbaya huondoka na upepo. Huu ungeteremka mlima, ungefunguliwa mbele ya watu, na yeye asingekuwepo kueleza.

Siku moja ya mawingu, bibi akichambua maharage ungoni, aliitoa tena. Aliweka ncha ya penseli palipoishia mstari wa Zaituni, na kabla hajafikiri akausukuma. Penseli ilikwama, ikatoboa karatasi. Akapita kando ya tundu. Akazunguka. Kidole kikapaka masizi ya jikoni, akaliacha doa, akalitia miguu. Bibi aliinua kichwa, akatazama, akageuza kiganja hewani: ni nini hicho? Raheli akapandisha mabega. Bibi akarudi kwenye maharage yake.

Raheli alivuruga mpaka nusu yake ikajaa. Haikuwa picha ya kitu. Pale katikati tu, mistari yake na ya Zaituni ilipogongana, palikuwa na kitu kama kichwa cha mnyama kinachotaka kutoka, na hakujua ni cha nani.

Lori lilipopiga honi barabarani, aliteremka mbio, karatasi mkononi, hata hakuikunja.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti." Gideoni aliipokea kupitia dirishani, akaigeuza, akaigeuza tena, akaona tundu, doa na mavurugo. "Sasa hii si karatasi chafu? Ndiyo nimpelekee mtoto wa watu?"

"Ndiyo."

"Unataka nimwambie imetokea nini?"

"Haikutokea kitu," Raheli alisema. "Mwambie ni zamu yake."